Asilimia 100 ya nini? DistroKid, TuneCore, CD Baby na RouteNote kwa msanii asiye na lebo

Msanii asiye na lebo hawezi kuupeleka wimbo wake Spotify au Apple Music moja kwa moja. Lazima apitie kwa msambazaji, yaani kampuni inayopokea faili la wimbo, picha ya kava na majina ya wahusika, ikavipeleka kwenye majukwaa, kisha ikamrudishia pesa zinazopatikana. Kampuni hizi ni nyingi na nyingi zinajinadi kwa ahadi moja: utabaki na asilimia 100 ya mapato yako. Ahadi ni ya kweli, ila haimsaidii mtu kuchagua. Mapato ya wasanii wengi ni madogo kiasi kwamba kinachoamua faida au hasara si asilimia ya mgawo. Ni ada ya mwaka, ni huduma za nyongeza zinazolipiwa kando, na ni hatima ya nyimbo siku utakapoacha kulipa. Mapitio haya yanawapima wasambazaji wanne kwa vigezo hivyo. Bei zilizotajwa hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kulipa chukua bei ya siku hiyo na urudie hesabu kwa njia ile ile.

Pesa inavyopatikana

Strimu haina bei maalumu. Spotify hutoa takriban theluthi mbili ya mapato yake ya muziki kwa wenye haki, na mgawo hufanyika nchi kwa nchi, kifurushi kwa kifurushi. Pesa za mwezi zinaingia kwenye kapu, strimu zote zinahesabiwa (wimbo huhesabiwa ukichezwa angalau sekunde 30), na kila mwenye haki anachukua fungu linalolingana na strimu zake. Chukua soko la mfano ambalo kapu la haki za rekodi lina dola 1,000,000 na nyimbo zote zimechezwa mara 400,000,000. Kila strimu imezaa dola 0.0025. Mwezi unaofuata wateja ni wale wale na pesa ni zile zile, lakini wamesikiliza zaidi, mara 500,000,000. Strimu imeshuka hadi dola 0.002 bila mtu yeyote kupunguza kiwango. Ndiyo maana msanii anaweza kuona strimu zimepanda na malipo yameshuka kwenye ripoti moja, na msambazaji hana kosa hapo.

Mahali anapoishi msikilizaji pia ni jambo zito. Mteja wa kifurushi cha kulipia kwenye nchi yenye bei kubwa anazaa mara kadhaa ya anachozaa msikilizaji wa bure anayesikiliza kwa matangazo. Apple Music haina daraja la bure linaloendeshwa kwa matangazo, na mwaka 2021 iliwaandikia wasanii kwamba wastani wake kwa vifurushi vya kulipia vya mtu mmoja ni senti moja ya dola kwa kila wimbo unaochezwa, ukijumlisha haki za rekodi (sauti iliyorekodiwa) na za utunzi (maneno na melodi). SoundCloud ilianza Aprili 2021 kugawa pesa za kila msikilizaji kwa wasanii aliowasikiliza yeye mwenyewe tu, mfumo unaomfaa msanii mwenye mashabiki wachache wanaomrudia kila siku. Deezer nayo, kuanzia mwaka 2023 nchini Ufaransa, ilianza kuzipa uzito maradufu strimu za msanii anayefikisha strimu 1,000 kwa mwezi kutoka kwa wasikilizaji wasiopungua 500.

Kwa hesabu za mapitio haya tutatumia dola 3 kwa kila strimu 1,000. Ni makadirio ya kufanyia kazi. Ukiwa na ripoti zako mwenyewe, gawanya jumla ya malipo kwa jumla ya strimu utumie kiwango chako.

Kuna kizingiti ambacho kila msanii mpya anapaswa kukijua kabla ya kupakia chochote. Tangu mwanzo wa mwaka 2024, wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita haulipwi mirabaha ya rekodi na Spotify. Fungu lake linarudi kwenye kapu na kugawiwa nyimbo zilizofikisha. Kwa wimbo mmoja hasara ni chini ya dola 3, na wengi wanaichukulia kuwa ndogo. Fanya hesabu ya albamu nzima. Nyimbo 10 zenye strimu 900 kila moja ni strimu 9,000, takriban dola 27, na Spotify itakulipa sifuri. Strimu hizo hizo zingekusanyika kwenye nyimbo tatu, zote tatu zingelipwa. Si jambo la wachache pia: takwimu za mwaka 2023 za Luminate, kampuni inayohesabu usikilizaji wa muziki, zilionyesha nyimbo milioni 184 kwenye majukwaa, na kati ya hizo milioni 158.6 zilichezwa mara 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima. Msanii anayeanza atafaidika zaidi kwa kutoa singo moja moja na kuisukuma kila moja mpaka ivuke kizingiti, kuliko kumwaga albamu ya nyimbo 14 kwa siku moja.

DistroKid

DistroKid inatoza ada ya mwaka, dola 20 na ushee kwa mpango wa chini, na unapakia nyimbo nyingi utakavyo. Haikati asilimia kwenye mapato ya majukwaa. Kasi yake ni nzuri, fomu ya kupakia ni fupi, na kipengele cha kugawana mapato na prodyuza au msanii wa kolabo kinafanya kazi vizuri: unaingiza barua pepe na asilimia ya kila mtu, na kila mmoja anapokea chake bila wewe kushika pesa za wenzako. Kwa msanii anayetoa wimbo kila mwezi hakuna ubishi, huu ni mpango wa bei nafuu.

Kasoro ziko kwenye yasiyotajwa kwenye bei ya mbele. Mpango wa chini haukuruhusu kuchagua tarehe ya wimbo kutoka wala kuweka jina la lebo yako. Tarehe inaonekana jambo dogo mpaka ukumbuke kwamba Spotify huwataka wasanii kuuwasilisha wimbo kwa wahariri wake kupitia Spotify for Artists ukiwa bado haujatoka, na ukitaka uingie Release Radar, yaani orodha ya nyimbo mpya ambayo Spotify humwandalia kila msikilizaji, za wafuasi wako lazima uuwasilishe angalau siku 7 kabla. Bila tarehe huna dirisha hilo. Kwa hiyo mpango wa kweli kwa msanii anayejali kazi yake ni wa daraja la pili, na bei yake ndiyo ya kulinganisha na washindani.

La pili ni zito zaidi. Ukiacha kulipa, nyimbo zinaondolewa. Kuzuia hilo kuna malipo ya mara moja yanayoitwa Leave a Legacy, dola 29 kwa singo na dola 49 kwa albamu. Mwenye singo 8 anatakiwa kutoa dola 232 ili nyimbo zake zibaki hewani bila ada ya mwaka. Kwa dola 3 kwa strimu 1,000, hizo ni strimu zaidi ya 77,000. Huduma ya kukusanya pesa za YouTube kupitia Content ID, mfumo wake wa kutambua sauti kwenye video za watu wengine, nayo inalipiwa kando kila mwaka kwa kila toleo, na juu yake inakatwa asilimia 20 ya kinachokusanywa. Asilimia 100 inayotangazwa haiihusu YouTube hiyo.

TuneCore

Zamani TuneCore ilitoza kwa kila toleo kila mwaka, na katalogi ilivyokua ndivyo ada ilivyokua. Mwaka 2022 ilihamia mipango ya mwaka isiyo na kikomo cha matoleo, na sasa inashindana na DistroKid ana kwa ana. Tangu mwaka 2015 inamilikiwa na kampuni ya Kifaransa ya Believe. Ripoti zake ni za kina: unaona nchi, jukwaa, aina ya kifurushi na mwezi wa mauzo, na kwa anayetaka kujua pesa zinatoka wapi hasa, hilo lina thamani. Hapa pia nyimbo zinaondoka ukiacha kulipa.

Mpango wake wa bure unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Unapeleka nyimbo kwenye mitandao ya kijamii tu, siyo Spotify wala Apple Music, na msambazaji anabaki na sehemu ya mapato. Una faida kwa mtu anayetaka sauti yake itumike kwenye video fupi, basi.

Sababu halisi ya kuichagua TuneCore ni huduma yake ya usimamizi wa haki za utunzi: malipo ya mara moja ya dola 75, kisha makato ya asilimia 15 kwa kinachokusanywa. Umuhimu wa huduma hiyo unaelezwa mbele kidogo.

CD Baby

Hii ni ya siku nyingi, ilianzishwa mwaka 1998. Unalipa mara moja kwa kila toleo, takriban dola 10, na inakata asilimia 9 ya mapato ya kidijitali. Hakuna ada ya mwaka. Wimbo uliopakiwa leo utaendelea kuwa hewani hata kama hutarudi kwenye akaunti kwa miaka mitano. Kwa kwaya, bendi inayotoa albamu moja kila baada ya miaka miwili, mtu anayehifadhi kazi za mzazi wake, au msanii ambaye hana uhakika wa kipato cha mwakani, hakuna mpango kati ya hii minne unaomlinda zaidi.

Kuna mambo ambayo CD Baby imeyaacha. Mwaka 2023 ilisitisha usambazaji wa CD na santuri, na mwaka huo huo ikafunga mlango wa usimamizi wa haki za utunzi kwa matoleo mapya. Kwa hiyo maelezo ya zamani yanayoisifu kwa huduma hizo yamepitwa na wakati. Nenda kwayo kwa ajili ya usambazaji wa kidijitali peke yake, na haki za utunzi zitafutie njia nyingine.

RouteNote

Mpango wa bure wa RouteNote haukutozi kitu cha kuanzia. Unabaki na asilimia 85 na wao asilimia 15. Unaweza kuhamisha toleo kwenda mpango wa kulipia na kubaki na mapato yote, pale strimu zitakapopanda. Kwa asiye na kadi ya benki ya kulipia mtandaoni huu ndio mlango uliobaki wazi.

Usumbufu ni kiwango cha chini cha kutoa pesa, dola 50. Kwa mgawo wa asilimia 85 na dola 3 kwa strimu 1,000, unahitaji strimu zipatazo 19,600 kabla senti ya kwanza haijafika mkononi. Pesa haipotei, inasubiri, lakini msanii aliyeahidi kumlipa prodyuza kutoka kwenye mapato ya wimbo anapaswa kulijua hilo kabla ya kuahidi. Ukaguzi wa nyimbo kwenye mpango wa bure pia huchukua muda, kwa hiyo usipakie ukiwa umeshatangaza tarehe.

Mahali hesabu zinapokutana

Chukua ada ya mwaka ya dola 25. Ili irudi, katalogi yako yote inahitaji strimu 8,333 kwa mwaka. Msanii mwenye strimu 3,000 kwa mwaka analipa dola 25 apate dola 9, na ahadi ya asilimia 100 inamgharimu dola 16.

Sasa linganisha. Mpango wa bure unaokata asilimia 15 unakuwa ghali kuliko ada ya dola 25 pale mapato yanapovuka dola 167 kwa mwaka, yaani strimu kama 55,500. Mpango wa CD Baby, kwa anayetoa singo moja kwa mwaka, unafikia pale pale: dola 10 za kupakia, na asilimia 9 ya dola 167 ni dola 15, jumla dola 25. Chini ya strimu 55,000 kwa mwaka, ukitoa singo moja tu, ada ya mwaka ni hasara. Ukitoa matoleo matatu kwa mwaka, CD Baby imeshakula dola 30 kabla ya makato, na mpango wa ada ya mwaka unashinda mwaka huo.

Neno la msingi ni mwaka huo. Matoleo matatu kwa miaka mitano yanagharimu dola 30 na asilimia 9 kwa CD Baby, na dola 125 kwa mpango wa ada ya mwaka. Ili ada ya mwaka iwe nafuu, nyimbo hizo zinahitaji kuingiza zaidi ya dola 1,055 ndani ya miaka hiyo mitano, sawa na strimu zipatazo 352,000. Wasanii wengi hupiga hesabu ya mwaka wa kwanza, wakiwa na moto wa kutoa nyimbo. Hesabu inayouma ni ya mwaka wa nne, wimbo umetulia na ada inaendelea kuja.

Pesa ambazo msambazaji hazigusi kabisa

Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna haki ya rekodi, yaani masta, na kuna haki ya utunzi, yaani maneno na melodi. Msambazaji anakusanya ya kwanza. Ya pili inapita njia nyingine, na msanii huru aliyejiandikia wimbo mwenyewe mara nyingi anaiacha mezani bila kujua.

Kwa Marekani, mirabaha ya utunzi ya kunakili inayotokana na kustrimu hukusanywa na The MLC, taasisi iliyoanza kazi Januari 2021 chini ya sheria ya mwaka 2018. Mwezi Februari 2021 majukwaa yaliikabidhi dola milioni 424 za mirabaha ya nyuma ambayo wenyewe hawakuwa wametambuliwa. Hicho ndicho kinachotokea wimbo usiposajiliwa: pesa inazalishwa, inakosa jina, inakaa. Kujiunga ni bure na mtunzi anayesimamia haki zake mwenyewe anaweza kujisajili bila kujali anaishi wapi. Kiwango cha jumla cha haki za utunzi nchini humo kwa 2023 hadi 2027 kimepangwa kupanda kutoka asilimia 15.1 hadi 15.35 ya mapato ya huduma. Mwaka 2024, hata hivyo, Spotify, iliyokuwa imeongeza vitabu vya sauti kwenye kifurushi chake cha kulipia mwaka 2023, ilianza kukihesabu kama mseto, yaani muziki na vitabu vinavyouzwa pamoja, jambo lililopunguza mapato yanayotumika kukokotoa kiwango hicho. Ni pigo kwa watunzi, na halionekani popote kwenye ripoti ya msambazaji.

SoundExchange inashughulikia kitu tofauti: redio za kidijitali za Marekani ambazo msikilizaji hachagui wimbo, kama SiriusXM. Mgawo wake uko wazi: asilimia 50 kwa mwenye masta, 45 kwa msanii mkuu, 5 kwa mfuko wa wanamuziki na waimbaji wasaidizi. Msanii huru ni mwenye masta na msanii mkuu kwa wakati mmoja, kwa hiyo lazima ajaze sehemu zote mbili. Anayejaza ya msanii peke yake anapata 45 na kuiacha nusu nzima.

Mirabaha ya wimbo kuchezwa hadharani hupitia chama cha hakimiliki. Jiunge na kimoja tu kama mtunzi, pata namba yako ya IPI inayomtambulisha mtunzi kimataifa, kisha sajili kila wimbo pamoja na asilimia za watunzi wote. Jumla ikizidi 100 kwa sababu wewe umeandika 60 na mwenzako ameandika 50, malipo yanasimamishwa kwa wote mpaka mkubaliane. Karatasi ya mgawo ijazwe studio, siku ya kurekodi, kabla mtu yeyote hajajua kama wimbo utafanya vizuri. Anayeona hatua hizi zinamzidi ndiye anayefaa kulipia usimamizi wa haki za utunzi kama ule wa TuneCore. Asilimia 15 ya pesa ambayo usingeipata ni bei ya haki.

Content ID na biti za kukodi

Hapa ndipo akaunti nyingi hufungwa. Content ID ya YouTube hutambua sauti kwenye video za watu wengine na kukupa mapato ya matangazo. Sharti ni uwe na haki ya kipekee ya kila sauti iliyomo. Biti iliyokodiwa kwa leseni isiyo ya kipekee imeuzwa kwa wasanii wengine pia, na wa kwanza kuisajili anaanza kudai video za wenzake wote, akiwemo prodyuza mwenyewe. Malalamiko yakifika kwa msambazaji, anaweza kuiondoa huduma, kuondoa wimbo, au kuzuia pesa za akaunti nzima wakati wa uchunguzi. Kama biti ni ya kukodi, iache Content ID bila kuwashwa. Soma pia kikomo cha strimu kwenye leseni. Leseni nyingi za bei ya chini zina idadi ambayo ukiivuka lazima ununue daraja la juu.

Vipande vya sauti kutoka kwenye programu za kutengenezea muziki vinaleta tatizo lile lile, maana maelfu ya watu wanatumia kipande hicho hicho.

Strimu za kununua

Wapo wanaouza strimu 10,000 kwa bei ya chini ya mapato yake, na wapo wanaouza nafasi kwenye orodha za nyimbo zinazosikilizwa na roboti. Tangu mwaka 2024 Spotify humtoza msambazaji au lebo faini kwa kila wimbo ambao karibu strimu zake zote ni bandia, na wasambazaji hupitisha faini hiyo kwa msanii au huondoa wimbo. Msanii anaweza kuumia bila kununua chochote, kwa sababu wenye orodha za roboti huchanganya nyimbo za watu halali ili kujificha. Kagua Spotify for Artists mara kwa mara. Dalili ni orodha usiyoijua inayoleta mamia ya strimu kwa siku, zote kutoka mji mmoja ambako huna shabiki, bila mtu kuhifadhi wimbo wala kukufuata. Ukiona hivyo piga picha ya skrini, ripoti orodha hiyo kwa Spotify na umwandikie msambazaji wako siku hiyo hiyo. Ushahidi kwamba uliripoti mapema ndio utetezi pekee ulionao.

Discovery Mode ni halali lakini ihesabiwe. Spotify inaupa wimbo kipaumbele kwenye redio na kwenye nyimbo zinazojicheza zenyewe, na inakata asilimia 30 ya mirabaha ya rekodi kwa strimu za maeneo hayo. Ili usipate hasara, strimu za huko lazima ziongezeke kwa takriban asilimia 43. Chini ya hapo umelipia kusikilizwa, na hilo lina maana kama tu wasikilizaji wapya wanahifadhi wimbo.

Kupakia, kodi na kupokea pesa

Andaa WAV ya bit 16 na 44.1 kHz, au bit 24 ukiwa nayo, na kava ya pikseli 3000 kwa 3000 isiyo na anwani za mitandao, bei wala nembo za majukwaa. Spotify husawazisha sauti hadi -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo masta iliyobanwa kupita kiasi itashushwa na itasikika nyembamba kando ya nyingine; acha kilele chini ya -1 dB. Pakia wiki nne kabla. Weka kiungo cha ukurasa wako wa msanii kwenye fomu, vinginevyo wimbo unaweza kutua kwenye ukurasa wa mtu mwenye jina kama lako, na kuurudisha huchukua siku ambazo ndizo za muhimu kuliko zote kwa wimbo mpya.

Msambazaji wa Marekani atakutaka fomu ya kodi. Asiye raia wala mkazi wa huko hujaza W-8BEN, kampuni hujaza W-8BEN-E. Mirabaha inayotoka Marekani hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30, isipokuwa nchi yako ina mkataba wa kodi unaoipunguza na umeudai kwenye fomu pamoja na namba yako ya mlipakodi. Fomu huisha nguvu mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini, na wengi hushtukia makato yamepanda kwa sababu hawakuisaini upya. Kabla hujachagua msambazaji, hakikisha njia yake ya malipo inaruhusu kupokea pesa unakoishi. Kuna nchi ambako PayPal inatuma na haipokei. Malipo ya strimu za mwezi mmoja hufika baada ya miezi miwili hadi mitatu, kisha yanasubiri kiwango cha chini cha kutoa.

Bandcamp kando ya yote

Bandcamp si msambazaji, ni duka lako. Inakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na 10 ya bidhaa kama fulana na santuri, kisha ada ya malipo. Kwa wastani asilimia 82 humfikia msanii. Albamu ya dola 7 inakuachia takriban dola 5.74, sawa na strimu 1,900. Mashabiki 30 walionunua wamekuletea mapato sawa na ya strimu 57,000, na malipo yanakuja kwa PayPal ndani ya siku chache, siyo miezi. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Epic Games mwaka 2022, ikauzwa kwa Songtradr mwaka 2023, na karibu nusu ya wafanyakazi wakapoteza kazi, kwa hiyo weka nakala ya barua pepe za wanunuzi wako nje yake. Kwa muziki ambao mashabiki wake ni wachache na waaminifu, ni mahali pa kuanzia kabla ya jukwaa lolote la kustrimu.

Kuhama bila kupoteza strimu

Anayetaka kutoka mpango wa ada ya mwaka kwenda wa malipo ya mara moja asianze kwa kufuta. Nakili ISRC, yaani namba ya kipekee inayoitambulisha rekodi, ya kila wimbo kutoka kwa msambazaji wa zamani, pakia kwa mpya faili lile lile, jina lile lile herufi kwa herufi, mpangilio ule ule na ISRC zile zile. Ukiacha sehemu ya ISRC wazi, mpya atakupa namba nyingine na strimu zitaanza sifuri. Subiri matoleo yote mawili yaonekane kwenye majukwaa na idadi za strimu zilingane, jambo linaloweza kuchukua wiki moja au mbili, ndipo uombe la zamani liondolewe. Zima Content ID kwa wa zamani kabla ya kuiwasha kwa mpya, la sivyo wawili watadaiana juu ya wimbo wako mwenyewe. Pakua ripoti zote. Akaunti ya zamani iache wazi kwa miezi mitatu au minne, kwa sababu strimu za mwisho bado hazijalipwa, na zitafika huko.